Mwaka wa Mjusi Aliyekataa Kula

Ghati aliniambia huku anacheka, na kicheko chake ndicho kilichoniudhi kuliko habari yenyewe. Tulikuwa Issenye, harusini kwa binti wa mpishi tuliyewahi kufanya naye kazi, tumekaa meza moja watu sita ambao zamani tulikuwa wafanyakazi wa kambi moja ya watalii ng'ambo ya Natta. Wali ulikuwa umeshaliwa, imebaki mifupa na soda za moto. Watu walikuwa wanakumbushana mambo ya kambini: tembo aliyeng'oa kamba ya nguo na kuondoka na shuka mbili, mgeni aliyeogopa vyura mpaka akalala kwenye gari. Mmoja akauliza yule mjusi wa meneja aliishia wapi. Ghati akaweka mfupa chini, akajifuta vidole kwa karatasi, akanigeukia. "Bhoke, mjusi wako alikufa kwa dawa ya kupe. Chacha alimwaga masalia ya bomba pale zizini, kwenye kona ya jiwe, nikamwona kwa macho yangu. Kesho yake asubuhi na wewe huyo, na kopo lako, unaokota nyenje palepale, unafurahi kwamba hawakimbii."

Meza nzima ilicheka. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akasema alikuwa na hasira, mjusi alikuwa na kazi na yeye hana, ningemtaka aseme nini. Akachukua tena mfupa wake. Watu wakahamia habari nyingine, na mimi nikabaki nimeshika glasi, nina miaka arobaini na moja, nimekasirika kwa sababu ya mjusi aliyekufa miaka kumi na saba iliyopita. Nilirudi Tarime na hasira ile nikaishi nayo wiki mbili. Nilikuwa nikifua nabishana na Ghati, nikipika nabishana na Ghati. Mwishowe nikatoa daftari langu la mwaka ule, maana sina tabia ya kutupa daftari, nikalisoma lote kwa mpangilio, siku baada ya siku, nikitafuta pa kumbana.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafua na kupiga pasi kambini. Ghati alikuwa jikoni, anamenya viazi na kuosha masufuria. Tulipanga chumba kimoja pale Natta kwa Mama Chacha, Mkurya mwenzetu aliyeolewa huko, mwenye vyumba vinne vya bati upande mmoja wa ua na zizi la ng'ombe upande wa pili. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, dirisha moja la mbao linaloelekea zizini, na meza niliyoitaka mimi kwa ajili ya kuandikia. Ghati aliita ile meza ofisi. Kila akirudi kazini aliingia akisema, "Shikamoo ofisi," kisha anaweka juu yake kipande cha mkate au nyama alichofungiwa na mpishi, tunagawana. Tulikula ugali wa mtama na mgagani uliotiwa maziwa, tukakaa mlangoni miguu imetoka nje, tukasikiliza Mama Chacha akimfokea mwanawe Chacha juu ya ndama. Yule mama alikuwa hasemi na mtu kwa sauti ya kawaida. Hata salamu yake ilikuwa kama anakugombeza.

Meneja wa kambi alikuwa mzungu, mama mmoja mrefu tuliyemwita Mama Lena kwa jina la binti yake. Kiswahili alikijua, cha kuagizia kazi. Lena alikuwa na miaka minane, na mjusi alikuwa wake. Walimnunua Nairobi wakamvusha mpaka pale Sirari ndani ya kopo la chakula, limefunikwa kitambaa, na Lena amekaa juu yake kwenye gari. Mwenyewe alinisimulia hivyo, akijivuna. Hakuwa mjusi wa ukutani kama tunaowajua. Alikuwa wa manjano mwenye madoadoa meusi, urefu wa kiganja na vidole vyake, mkia mnene kama kidole gumba cha mwanaume, na alikuwa na kope. Alikuangalia, halafu akafumba macho polepole kama mtu aliyechoka na maswali. Lena alimwita Chui. Mimi nilikuwa nafagia chumba chao, na ndiyo maana nilimzoea, nikawa namshika bila woga wakati wenzangu walikuwa wanakimbia.

Mvua za masika zilipokaribia, kambi ilifungwa kama kila mwaka. Lakini mwaka ule haikufungwa kwa namna ya kila mwaka. Tuliitwa chini ya hema la kulia chakula, yakasomwa majina kumi na mawili ya watu wanaokwenda nyumbani bila malipo mpaka wageni warudi. La Ghati lilikuwa la tano. Jina langu halikusomwa. Watu walipokuwa bado wamesimama pale, wanaulizana kama nauli itatolewa, Mama Lena aliniita kando akanipa kurasa nne zilizofunikwa plastiki. Zilikuwa maelezo ya kumtunza mjusi. Joto la tumboni lisipungue. Maji yabadilishwe kila siku. Nyenje wapakwe unga mweupe wa kopo kabla ya kumpa. Mkia ndio ghala lake, ukiona unapungua ujue hali. Wao walikuwa wanakwenda kwao Ulaya miezi miwili, na mimi nitalipwa mshahara wangu wote kwa kazi hiyo moja. Nikageuka nimeshika kurasa nne, wenzangu wameshika mabegi. Hakuna aliyenisemesha mpaka tulipofika barabarani.

Leo nikikumbuka ile sura ya hema bado damu inanichemka. Mtu mzima aliyefanya kazi miaka sita anaambiwa arudi kwao akalime, na dakika hiyohiyo mjusi anawekewa mtumishi. Lakini wakati ule nilinyamaza, na nilinyamaza kwa sababu. Nilikuwa nimepata nafasi ya usaili katika chuo cha waongoza watalii, na chuo kilitaka barua ya mwajiri. Mama Lena aliahidi kuiandika akirudi. Bila barua ile ningeendelea kupiga pasi shuka za wageni mpaka macho yaishe. Nilitaka kukaa mbele ya gari, niwe mimi ninayesema yule ni mnyama gani. Kwa hiyo nilimchukua Chui na sanduku lake la kioo, nikampeleka kwa Mama Chacha, nikamweka juu ya ofisi.

Ghati hakurudi kwao. Alisema akirudi Tarime mikono mitupu watamwoza kabla ya mahindi kukomaa. Akapata kibarua cha kuosha vyombo katika hoteli moja ndogo pale Natta, kwa chakula tu na pesa ya sabuni. Alikuwa akiingia chumbani jioni ananuka moshi, anavua viatu, anamsalimu mjusi. "Hujambo mfanyakazi. Leo umechoka?" Kisha ananiambia, "Bhoke, muulize kama huko kwao wanatafuta msaidizi." Tulicheka, mwanzoni. Siku moja alisema atamchoma kwa chumvi amle, aone kama yeye naye ataajiriwa. Mama Chacha alikuwa mlangoni, naye alicheka, akasema nyama yenyewe haifiki jinoni.

Wiki ya kwanza Chui alikula vizuri. Nina hesabu yake daftarini, nyenje wanne, watano, wanne. Wiki ya pili siafu waliingia kwenye ndoo ya nyenje niliyoachiwa wakamaliza wote, ikabaki miguu na mabawa. Na mvua ikashika. Pedi ya joto iliyokuwa chini ya sanduku lake ilitegemea betri ya sola, na jua halikuwepo. Nikaanza kuchemsha maji kwenye jiko la mkaa, asubuhi na jioni, nayajaza kwenye chupa, naifunga kwa khanga, naiweka chini ya kioo. Nilimpa panzi, akawaangalia wakimpanda kichwani. Nilimpa kumbikumbi, mvua iliwatoa wengi mno mwaka ule, akamlamba mmoja akamtema. Siku ya tisa ya kutokula niliandika kwamba ngozi imekuwa nyeupe. Siku ya kumi na moja aliivua na kuila, nikafurahi kwamba angalau ameweka kitu tumboni. Baada ya hapo, hakuna. Nilikuwa nikiamka jambo la kwanza kuangalia mkia. Nilikata uzi, nikawa naupima unene wa mkia kila asubuhi na kuchora urefu wa uzi pembeni mwa ukurasa. Mistari ile inapungua ukurasa baada ya ukurasa.

Simu ilishika sehemu moja tu, karibu na mashine ya kusaga, na Mama Lena alipiga kila Jumapili mchana. Nilisimama pale na watu wenye ndoo za mahindi, napiga kelele kushinda mashine. Swali lake lilikuwa moja, amekula? Hakuuliza Natta kukoje, hakuuliza wale kumi na wawili, hakuuliza mimi nimekula nini. Kwa nyuma nilikuwa namsikia Lena akiuliza kwa lugha yao, sauti nyembamba, na yule ndiye niliyemwonea huruma. Jumapili ya nne nilimwambia ukweli, kwamba hajala siku kumi na sita. Akasema mjusi wa namna ile anaweza kukaa muda bila kula, lakini si huyu, huyu ni wa Lena. "Bhoke, lazima ale. Fanya unavyoweza. Nataka kuandika barua yako nikiwa na moyo mzuri."

Ndipo nilipokwenda kwa Mama Chacha. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa ya kutafuta nyenje zizini, chini ya samadi kavu na kwenye mawe ya ukuta. Alisema nichukue na kupe kama nawataka. Siku hiyo, iko daftarini, ni Ijumaa ya wiki hiyo, niliandika: *Nyenje wengi kona ya jiwe. Wazito, hawaruki. Nimepata kumi na nne kwa muda mfupi.* Mstari unaofuata: *Nzi wengi wamekufa.* Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe angeelewa palepale, na mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Najua harufu ya dawa ya kupe. Najua vijana wanavyonyunyizia ng'ombe Alhamisi, halafu bomba likibaki na dawa hawaimwagi porini, wanaimwaga kwenye pembe ya zizi ili iue na kupe walioanguka kwenye samadi. Kwetu hata baba alifanya hivyo. Niliiona, nikaiandika kwa mwandiko mzuri, sikuifikiria. Nilikuwa nafikiria barua.

Chui aliwakataa. Niliwaweka mmojammoja mbele yake, wakatembea kama walevi, akawasogelea, akanusa, akarudi nyuma akafumba macho. Ijumaa alikataa, Jumamosi alikataa. Mama Chacha aliingia akakuta nimekaa sakafuni nalia, akaniuliza huyo ni mwanao au ni nini. Halafu akakaa kitandani kwa Ghati, akavuta khanga yake, akasema nimlete. Mtoto akikataa uji, alisema, unamlaza mapajani, unakinga kiganja chini ya mdomo, unamziba pua. Akitaka kupumua lazima afungue, na akifungua, uji umeingia. Watoto wake saba wamelishwa hivyo, na Chacha ndiye alikuwa mbishi kuliko wote na sasa anabeba gunia peke yake. Nimewaona mama wengi wa kwetu wakifanya hivyo. Nilipokuwa mdogo nilifanyiwa pia, nakumbuka uji puani. Sikuona ubaya. Nikawaponda nyenje watatu kwa kijiko kwenye kisosi, nikatia maji kidogo na ule unga mweupe. Mama Chacha akamshika Chui kiganjani, kidole kimoja mgongoni, kingine chini ya kidevu, akafungua mdomo wake kwa ukingo wa vocha ya simu iliyokwisha. Mimi nikadondosha kwa mrija. Alikunja shingo, akatikisa kichwa, akameza. Ghati alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kazini, ndala mkononi. Nakumbuka alisimama muda mrefu bila kutania, nami nikadhani anaona huruma. Tulirudia Jumapili na Jumatatu. Jumapili ile nilikimbia mpaka mashine ya kusaga kumwambia Mama Lena amekula, na daftarini nimeandika neno hilo kwa herufi kubwa, nimelipigia mistari miwili.

Jumanne asubuhi alikuwa anatetemeka. Miguu ya nyuma haikumbeba. Alifungua mdomo mwenyewe, bila kuombwa, akauacha wazi. Nilibadilisha maji ya chupa mara tatu nikidhani ni baridi. Mchana alikuwa amekufa, macho yamefumbwa nusu, mkia bado una ukubwa wa kidole changu kidogo, maana yake alikuwa bado na akiba. Angeweza kunisubiri mimi nipate akili. Nilimweka kwenye boksi la sabuni nikamzika nyuma ya chumba, na Ghati akachimba shimo. Yeye ndiye aliyechimba. Ukurasa huo niliusoma juzi nikalitupa daftari ukutani kwa hasira, nikasema hapa ndipo nilipompata. Alijua, na alichimba.

Kisha nikageuza ukurasa. Mama Lena alirudi wiki mbili baadaye, peke yake kwanza, Lena akiwa amebaki kwa bibi yake. Daftari langu la siku hiyo lina maneno matatu tu, na mimi ni mtu wa kuandika kurasa mbili kwa siku: *Nimemtaja Ghati leo.* Sikuwa nimesahau. Siwezi kusema nilisahau. Kwa miaka yote nilijisimulia siku ile kwa namna ambayo sehemu hiyo ilipita haraka, kama kituo ambacho gari halisimami. Ofisini kwake kulikuwa na harufu ya nguo zilizokaa muda mrefu kwenye sanduku. Aliniuliza mjusi alikufaje ikiwa alikuwa ameanza kula. Nikasema sijui. Akauliza nani mwingine alikuwa anaingia chumbani. Kwenye meza yake karatasi ya barua ilikuwa tayari, ina anwani ya chuo juu, chini yake nyeupe. Nikasema naishi na Ghati. Nikasema Ghati hakumpenda mjusi, alikuwa na uchungu wa kurudishwa nyumbani. Nikasema aliwahi kusema atamchoma amle. Sikusema kwamba tulicheka. Niliamini kabisa kwamba Ghati hana kosa, na nilisema yote hayo kwa utulivu, kwa mpangilio, kama ninavyosema kila kitu.

Barua niliipata kesho yake. Kambi ilipofunguliwa, majina ya wanaorudi yalibandikwa getini, kumi na moja. Ghati alisoma orodha mara mbili kwa kidole, mimi nimesimama pembeni yake nimevaa sare. Mlinzi akamwambia mwaka huu wageni ni wachache. Jioni alifunga sanduku lake la bati, akaniachia sufuria yetu kubwa kwa kuwa haikuingia, akasema nikifika chuoni nisijifanye simjui. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa na nafasi ya kusema njia nzima.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilikwenda Nyansurura, anakoishi Ghati sasa. Nilichukua bodaboda kutoka Mugumu, nikamwambia kijana anisubiri. Ghati alikuwa ukumbini kwake anapukuchua mahindi kwenye ungo, mgongo umepinda kuliko nilivyouona harusini. Alifurahi kuniona, akaagiza chai, akaniuliza kama nimekuja kumdai mjusi. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia kwamba hakurudishwa kazini kwa sababu yangu, nikamweleza ofisini nilisema nini, neno kwa neno, pamoja na lile la kuchoma na chumvi. Mikono yake iliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe. Akachukua jingine.

"Wakati unanitaja, ulijua kwamba nilimwona Chacha anamwaga dawa?"

"Sikujua. Umeniambia wewe juzi, pale harusini."

"Kwa hiyo uliona sina kosa."

"Ndiyo."

"Na ukanitaja."

Nikasema ndiyo. Chai ililetwa ikawekwa katikati yetu. Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kutoka Natta alikwenda Sirari, akabeba magunia ya mahindi ya watu kuyavusha mpaka, misimu mitatu, na kwamba mgongo ninaouona ni wa kule. Alisema miaka yote alikuwa ananionea aibu kwa ajili ya nyenje wale. Kila akisikia nimefika mahali fulani kikazi alikuwa anajiambia, namshukuru Mungu ubaya wangu haukumzuia. Ilimchukua miaka kumi na saba kupata ujasiri wa kuniambia, na hata hapo ilibidi acheke, alisema, maana bila kucheka asingeweza.

"Mimi nilinyamaza, akafa mjusi," alisema. "Wewe ulifungua mdomo." Alishika ungo akaupepeta, makapi yakanijia magotini, akaniuliza kama yule wa bodaboda bado yuko nje. Nikasema yupo.

"Mwambie awashe pikipiki."